Nyuki Wako ni Nyuki wa Namna Gani?

 Leo tunaweka jembe chini kidogo, tunaingia porini kwenye mizinga. Na wewe usiye na mzinga hata mmoja usiondoke, maana habari hii inakuhusu pia. Matikiti yako, maboga yako na mikorosho yako hutembelewa na nyuki hao hao tutakaowazungumzia.

Tuanze hivi. Tuseme wewe unakaa Mitole, wilaya ya Kilwa. Umeuza ufuta, umepata fedha kidogo, na ukaona ununue mizinga miwili ya kisasa. Fundi amekutengenezea ya mbao nzuri, imepigwa randa, ina mfuniko wa bati. Umeifikisha nyumbani, umeitundika porini, na kabla ya msimu kwisha nyuki wameingia. Ukafurahi. Siku ya kuvuna unafungua mfuniko, unashika kiunzi cha kwanza, kinakataa. Unavuta kwa nguvu, lo! Masega matatu yanakuja kwa pamoja, yamejengwa mshazari, yameshikamana. Yanakatika. Asali inamwagika juu ya majana, nyuki wanawaka kwa hasira, unakimbia. Baada ya siku chache unarudi kutazama: mzinga mtupu. Nyuki wamehama.

Hapo watu wengi husema, "Mizinga ya kisasa haifai, bora mzinga wa gome wa babu." Hapana, ndugu mkulima. Mara nyingi mzinga hauna kosa. Kosa ni kwamba fundi alichukua vipimo vya nyuki wa Ulaya, na wewe umeingiza nyuki wa Kilwa. Ni sawa na kumshonea mtoto kanzu kwa kipimo cha baba yake. Kwa hiyo kabla hujanunua mzinga, jiulize kwanza: nyuki wangu ni nyuki wa namna gani?

UKOO MMOJA, AINA MBALIMBALI

Nyuki wa asali wa Afrika na nyuki wa asali wa Ulaya ni ukoo mmoja. Wanaweza kuzaliana. Lakini kila nchi imewalea kwa namna yake, kama vile mbuzi wetu wa kienyeji na mbuzi wa maziwa wa Ulaya wote ni mbuzi, ila hawafanani kwa umbo wala kwa tabia. Huko Asia, Bara Hindi na nchi za jirani, wapo pia nyuki wa ukoo mwingine wanaofugwa kwenye mizinga, lakini hao si wa kwetu, tuwaache.

Katika nchi yetu ya Tanzania wapo nyuki wa asali wanaouma wa aina tatu zinazojulikana sana. Tuzichukue moja moja.

Kwanza, nyuki wa pwani. Huyu ni mdogo wa mwili, rangi yake ni ya manjano kuliko wenzake. Makao yake ni ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki, nchi ya joto na unyevu, nchi ya minazi na mikoko. Tazama mnazi: hutoa kole mwaka mzima, haungoji msimu. Kwa sababu hiyo nyuki wa pwani haishi kwa kuweka akiba kubwa ya miezi mingi. Akiona chakula kipo hulea watoto, na akiona chakula kimepungua hutafuta mahali pengine.

Pili, nyuki wa nyika. Huyu ndiye aliyeenea zaidi katika nchi yetu, kwenye misitu ya miombo na mbuga za bara. Mwili wake ni mkubwa kidogo kuliko wa nyuki wa pwani, una milia ya manjano na kijivu. Ni mchapakazi hodari, ni mkali, na ndiye aliyeipatia mikoa kama Tabora sifa ya asali na nta.

Tatu, nyuki wa milimani. Huyu ni mweusi, mwili wake ni mkubwa na una manyoya marefu zaidi. Anapatikana kwenye misitu ya baridi ya milima mirefu kama Kilimanjaro na Meru. Anaweza kuruka asubuhi ya baridi wakati nyuki wengine bado wamejikunyata, na watu waliomfuga husema ni mpole kuliko wa nyika. Usimtafute Kilwa, hatamudu joto letu.

Aliyewaeleza nyuki wa pwani na nyuki wa milimani kitaalamu, akawapa majina yao ya kisayansi mwaka 1961, ni F. G. Smith, aliyekuwa akifanya kazi ya ufugaji nyuki huku kwetu Tanganyika. Lakini wazee wetu waliokuwa wakirina asali tangu zamani walizijua tofauti hizo bila kitabu. Nta ya misitu ya kusini ilishuka pwani na kusafirishwa nje tangu siku nyingi, pamoja na mpira na pembe za ndovu.

Sasa utauliza, je, sisi wa Mitole tuko upande gani? Jibu ni kwamba mpaka wa nyuki si ukuta. Kilwa ina pwani yenye minazi na mikoko, na nyuma yake ina misitu ya miombo na mipingo. Nyuki wa pwani na nyuki wa nyika hukutana na kuchanganyika. Mzinga huu utakuta nyuki wadogo wa manjano, mzinga wa pili utakuta wenye rangi ya kijivu zaidi. Usihangaike na jina. Linalokuhusu wewe ni kipimo chao na tabia zao.

NYUKI WA ULAYA JE?

Wapo wakulima wanaosikia kwamba nyuki wa Ulaya ni wapole na hujaza asali nyingi, wakatamani kuwaleta. Ni kweli, nyuki wa Italia, mwenye rangi ya manjano, anafugwa duniani kote na ni mtulivu. Lakini kumbuka ameumbwa kwa nchi yenye majira ya baridi. Hujaza asali nyingi ili ale miezi ya baridi ambayo maua ni haba. Hapa hakuna baridi hiyo, bali kuna siafu, nyegere, nondo wa nta, moto wa msituni na jua kali. Nyuki wa Ulaya walipoletwa katika nchi za joto za Afrika hawakustawi.

Tena kuna jambo lingine. Malkia huoa angani. Akitoka mzinga kwenda kupandwa, hukutana na madume zaidi ya kumi, na hayo ni madume ya porini kwako. Mbuzi unaweza kumfungia zizini na beberu unayemtaka. Malkia wa nyuki huwezi. Basi hata ukileta malkia wa kigeni, binti zake watachanganyika na nyuki wa Kilwa, na baada ya vizazi vichache fedha yako imepotea.

Kuhamisha nyuki kuna hatari zake pia. Mwaka 1956 mtaalamu mmoja wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika, wengi wao kutoka Afrika Kusini, akawapeleka kwao. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka. Yakachanganyika na nyuki wa Ulaya waliokuwa huko, yakaenea Amerika ya Kusini yote ya joto, na mwaka 1990 yakafika Marekani. Watu na mifugo waliumwa na wengine walikufa, mpaka wafugaji wa huko walipojifunza upya namna ya kuwatunza. Leo hao hao nyuki wenye damu ya Afrika ndio wanaowapa Wabrazil asali ya kuuza nje. Umeona? Nyuki unayemdharau wewe, wenzako wanamtegemea.

Na magonjwa je? Mwaka 2009 wataalamu walimwona kupe mwekundu wa nyuki aitwaye varroa katika mizinga ya Kenya na Tanzania. Kupe huyu ameua makundi mengi Ulaya na Marekani, na huko wafugaji hulazimika kutumia dawa. Nyuki wetu wameonyesha kumvumilia bila dawa. Hiyo ni mali. Usiiharibu kwa kuingiza nyuki wa nje kwa mlango wa nyuma. Ipo Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002, na kama una swali mwone bwana nyuki wa wilaya yako.

NYUKI WADOGO WASIOUMA

Kabla hatujafika kwenye kipimo, tusiwasahau nyuki wadogo wasiouma. Hawa ni wa ukoo mwingine kabisa. Wengine ni wadogo kama inzi wa matunda, wengine wanazidi hapo kidogo. Hukaa katika mashimo ya miti, nyufa za kuta, na wengine ardhini. Mlangoni hujenga kibomba kidogo cha nta. Hawaweki asali katika masega yanayoning'inia, bali katika vichungu vidogo vya nta vilivyoshikana kama mashada.

Asali yao ni nyepesi, ina uchachu, na katika sehemu nyingi bei yake ni kubwa kuliko asali ya kawaida. Lakini kwa kuwa ina maji mengi huchacha upesi. Usiichanganye na asali ya nyuki wakubwa, utaharibu zote mbili. Na tafadhali, tuache desturi ya kukata mti mzima kwa ajili ya kikombe kimoja cha asali. Ukikata mti umepoteza nyuki, umepoteza maua, na mwakani huna pa kurudi. Kata kipande cha gogo chenye kundi kwenye mti ulioanguka tayari, ukilete karibu na nyumba, au tengeneza kisanduku kidogo uwahamishie humo. Kwa kuwa hawaumi, hata watoto na wazee wanaweza kuwatunza.

KIPIMO CHA NYUKI WAKO

Sasa tuingie katika shina la mazungumzo. Katika mzinga wa viunzi, kila kiunzi, yaani kile kibao chembamba kinacholazwa juu ya mzinga, hubeba sega moja. Nyuki hujenga sega, huacha njia ya kupita, kisha hujenga sega jingine. Nyuki mkubwa anahitaji nafasi kubwa, nyuki mdogo anahitaji nafasi ndogo. Nyuki wa Ulaya hujenga masega yake milimita 35 hivi kutoka katikati ya sega moja mpaka katikati ya sega la pili. Nyuki wetu hujenga milimita 32, na wale wadogo wa pwani hupungua hapo kidogo.

Utasema milimita 3 ni kitu gani? Ni unene wa vijiti vya kiberiti viwili hivi. Lakini hesabu mwenyewe. Kwenye viunzi 10, kosa hilo limekuwa milimita 30, yaani karibu sega zima. Nyuki hawatafuata viunzi vyako, watafuata kipimo chao. Sega la kwanza litakaa sawa, la pili litasogea, la tano litakuwa limeshika viunzi viwili. Ndiyo ile hasara tuliyoanza nayo.

Basi fanya hivi:

1. Unapovuna mzinga wako wa gome au wa gogo, tafuta sehemu yenye majana, maana huko masega yana unene uliolingana. Masega ya asali huwa manene, usipime hapo.

2. Chagua masega matano yaliyofuatana na yaliyonyooka. Pima kwa rula kutoka katikati ya sega la kwanza mpaka katikati ya sega la tano. Gawa kwa 4. Ukipata milimita 128, kipimo chako ni 32. Ukipata 124, ni 31.

3. Mpelekee fundi kipimo hicho, umwambie: "Fundi, upana wa kila kiunzi uwe huu, usizidi wala usipungue." Viunzi vilale vikigusana, pasiwe na upenyo katikati. Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1970, walipotengeneza mzinga wao wa viunzi wenye ubavu wa mshazari, walitumia upana huo huo wa milimita 32.

4. Chini ya kila kiunzi, katikati kabisa, pitisha mstari mwembamba wa nta iliyoyeyushwa. Huo ndio uzi wa kumwongoza mjenzi.

5. Nyuki wakishaingia, usingoje mpaka siku ya kuvuna. Baada ya wiki mbili hivi fungua jioni, tazama. Sega likianza kwenda upande, lisukume taratibu likae sawa wakati bado ni dogo na laini. Likiisha kuwa kubwa, umechelewa.

Na kama unanunua karatasi za nta zilizokwisha pigwa chapa ya vyumba, hesabu vyumba 10 kwa mstari. Vya nyuki wetu huwa chini kidogo ya milimita 50. Ukikuta milimita 53 au 54, hiyo ni ya nyuki wa Ulaya, irudishe dukani.

TABIA YA KUHAMA NA UKALI

Nyuki wetu wana tabia mbili zinazowasumbua wafugaji: kuhama na ukali. Zote mbili zina sababu.

Nyuki huhama kwa njaa, kwa kiu, kwa jua, kwa wadudu na kwa fujo. Kwa hiyo tundika mzinga kivulini, maana kwa joto la Kilwa sega jipya huweza kulainika na kuanguka. Hakikisha maji hayako mbali. Tumia waya kutundikia, na upake waya huo grisi au oili chafu ili siafu na sisimizi wasipande. Mzinga unaoning'inia humpa taabu nyegere pia. Na unapovuna, usikombe. Chukua masega yaliyofunikwa kwa nta, yaache yenye majana, na ubakize asali ya kuwatosha wenyewe. Anayekomba mzinga ni kama anayekula mbegu.

Kuhusu ukali, kumbuka nyuki hawa wamewindwa na watu na wanyama kwa maelfu ya miaka. Asiyejua kujilinda aliisha. Wewe mfugaji, vaa mavazi kamili, tumia bomba la moshi, fanya kazi jioni, usipige kelele. Kuchoma mzinga kwa mwenge wa moto si kuvuna, ni kuua, na msitu huweza kuwaka. Mizinga iwe mbali na nyumba, shule, njia na mifugo, mita 200 au zaidi.

Nyuki akikuuma, huacha mwiba wenye harufu inayofanana na ndizi mbivu. Harufu hiyo huwaita wenzake. Kwa hiyo ondoa mwiba mara moja kwa kuukwangua na ukucha, uondoke mahali hapo upesi huku umefunika uso, uingie ndani ya nyumba. Mtu akianza kuvimba uso, kukosa pumzi au kuzimia, usingoje dawa za majani. Mpeleke zahanati au hospitali saa hiyo hiyo.

LINDA MALISHO YA NYUKI

Kipimo kizuri bila maua ni kazi bure. Malisho ya nyuki wa Mitole ni miyombo na mitondoro ya msituni, mikorosho, miembe, minazi na mashamba ya ufuta. Ukimenya gome la myombo kuuzunguka mti mzima ili utengeneze mzinga, mti huo utakufa. Umepata mzinga mmoja, umepoteza maua ya miaka mingi. Hii ni sababu nyingine ya kuhamia mizinga ya mbao.

Vile vile, unapopulizia dawa ya wadudu kwenye mikorosho au ufuta, usipulizie mchana wakati maua yamejaa nyuki. Pulizia jioni wameshalala, na mwarifu jirani yako mwenye mizinga siku moja kabla.

KWA KIFUPI

Ndugu mkulima, wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Sisi tunaongeza: mfuate na rula mkononi. Nyuki wako wa Kilwa si duni. Ni mdogo, ni mkali, anahama akionewa, lakini anaijua nchi hii, anavumilia maradhi yake na maua yake anayafahamu. Usitafute nyuki wa kigeni. Mtafutie nyuki wako mzinga unaomwenea.

Kama una ndugu au jirani aliyekata tamaa na mizinga ya kisasa, nenda naye mkafungue ule mzinga wake uliotelekezwa. Pimeni upana wa viunzi. Mkikuta milimita 35, msiutupe mzinga. Toeni viunzi tu, mkate vipya vya milimita 32, mpake nta, msugue ndani kwa majani ya mchaichai, mwutundike tena kivulini. Sanduku ni lile lile, na nyuki ni wale wale. Safari hii watajenga masega yaliyonyooka.

Tukutane tena juma lijalo. Kazi njema shambani, na kazi njema mizingani.